Namba tunazo, masikio je?

Rwanda haina uhaba wa namba za simu. Mtu aliyebakwa, au jirani aliyesikia mayowe nyumba ya pili, anaweza kupiga 3029 ya vituo vya Isange vya kuwahudumia manusura, 3512 ya polisi, 166 ya Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda (RIB), 116 ya watoto au 112 ya dharura, na hakuna hata moja inayokata faranga. Tarafa ya Nyamyumba, wilayani Rubavu, kusini mwa mji wa Gisenyi, ina mtandao wa simu, ina barabara inayofuata ufuko wa Ziwa Kivu, ina kituo cha afya cha Kigufi, na hospitali ya wilaya ya Gisenyi haiko mbali kwa pikipiki. Ukiyasoma hayo kwenye karatasi utadhani msichana wa Rubona, humo humo Nyamyumba, aliyeingiliwa kwa nguvu usiku wa Jumamosi hana sababu ya kuikuta Jumatatu bila msaada.

Sababu anazo. Anaogopa sauti itakayomjibu. Anaogopa kuulizwa alikuwa anatafuta nini njiani saa zile, na alikunywa chupa ngapi. Anaogopa kwamba anayepokea ni shemeji wa fulani, au anasali naye kanisa moja, na kwamba kufikia jioni habari itakuwa imeshafika sokoni. Namba ya bure inamwondolea gharama ya kupiga tu. Hofu zote nyingine zinamngoja mtu mmoja, yule anayeinua simu.

Hoja yangu ni hii: katika ukanda wetu tumekuwa wepesi wa kuzindua namba na wazito wa kuwafundisha wanaozipokea. Uzinduzi una mkanda wa kukata, una mgeni rasmi na picha za magazeti. Mafunzo hayana picha ya kuonyesha. Ni watu ishirini ndani ya chumba, wiki baada ya wiki, wakijifunza kufunga midomo yao. Hata hivyo, ni humo chumbani ambamo manusura anaokolewa au anapotezwa.

Mahali wanapojuana

Nyamyumba si pembe ya nchi iliyosahaulika. Kiwanda cha bia cha Bralirwa kipo hapo tangu miaka ya 1950. Chemchemi za maji moto za Rubona huvuta watalii na wenye maumivu ya viungo. Jioni wavuvi wa sambaza huingia ziwani na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu, wakarudi alfajiri. Wanawake huamka gizani na mizigo ya mboga kichwani kuwahi mpaka wa Petite Barrière, wauze Goma, upande wa Kongo, na kurudi kabla jua halijazama. Ni mahali penye watu wengi wanaotembea saa ambazo wengine wamelala: mvuvi, mhudumu wa baa, dereva wa lori, mchuuzi.

Njia za usiku zina hatari zake, lakini hatari kubwa zaidi hulala ndani ya nyumba. Mara nyingi anayebaka ni mtu anayejulikana: mume, mchumba, mjomba, mwajiri, jirani. Kikulacho ki nguoni mwako. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu nchini Rwanda wa 2019-20 ulionyesha kuwa asilimia 23 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliwahi kufanyiwa ukatili wa kingono, na wanaume asilimia 6. Chukua wanawake ishirini wanaouza nyanya kwenye soko moja: kwa hesabu hiyo, wanne au watano wamepitia. Na wanaume hao sita katika kila mia hatuwataji kabisa tunapozungumzia simu za msaada, kana kwamba wao hawana simu.

Sheria haikulala. Sheria ya Rwanda ya 2008 dhidi ya ukatili wa kijinsia ilitambua hata ubakaji ndani ya ndoa, wakati sheria ya Kenya ya makosa ya kujamiiana ya 2006 iliwaacha wanandoa nje. Mwezi Julai 2009 kituo cha kwanza cha Isange kilifunguliwa katika hospitali ya polisi ya Kacyiru, Kigali: daktari, mwanasaikolojia na mpelelezi chini ya paa moja, bila malipo, usiku na mchana. Leo vituo hivyo vimezidi 40 nchi nzima, na majirani zetu wamejenga vya namna hiyo. Zanzibar na Tanzania Bara huviita vituo vya mkono kwa mkono. Kasoro ni kwamba kituo kinamngoja mtu afike. Kabla hajafika, yuko nyumbani na mama mkwe anayemwambia "niko zubakwa", ndivyo nyumba zinavyojengwa, vumilia. Usemi huo umewafunga wanawake wengi midomo kuliko tishio lolote.

Rwanda ina kitu ambacho nchi nyingi hazina: jeshi la watu wa kujitolea hadi ngazi ya kijiji. Kila kijiji kina Inshuti z'Umuryango wawili, yaani marafiki wa familia, mwanamume na mwanamke; nchi nzima wanakaribia 30,000. Kando yao wapo wahudumu wa afya wa kijiji, wale wanaotibu malaria ya watoto na kufuatilia wajawazito. Kwa hiyo anayesema Nyamyumba inahitaji watu wapya wa kujitolea hajaitazama vizuri. Watu wapo, wanafahamika, na wamekwisha kuzoea kubisha hodi.

Na hapo hapo ndipo penye ugumu. Mhudumu wa afya anayekaa nyumba ya tatu ni baraka mtoto akishikwa na homa usiku wa manane. Kwa aliyebakwa na binamu wa mhudumu huyo huyo, ujirani ni ukuta. Sauti ya mgeni aliyeko Kigali ina faida yake: haimjui, haitakutana naye kisimani. Lakini mgeni wa Kigali hawezi kumshika mkono kutoka Rubona hadi Gisenyi, wala hajui ni njia ipi inapita mbele ya baa ambayo yule mtu hukaa. Mfumo unaofaa ni ule unaounganisha hao wawili: mgeni asikilize kwanza, na jirani aitwe baadaye, kwa ruhusa ya manusura, na yeye mwenyewe achague ni jirani gani. Hilo halitokei lenyewe. Linafundishwa.

Somo la Arusha

Anayedhani kusikiliza ni jambo laini, la kuwaachia akina mama wenye huruma, akumbuke yaliyotokea Arusha. Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, alipoanza kujibu mashtaka mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, hati ya mashtaka haikuwa na neno ubakaji. Mwaka 1997, shahidi mmoja akiwa anaeleza mambo mengine akataja kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa. Wengine wangeipita kauli hiyo. Jaji Navanethem Pillay, mwanamke pekee katika jopo la watatu, hakuipita. Ushahidi zaidi ukaja, mashtaka yakarekebishwa mwezi Juni mwaka huo, na tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu akatiwa hatiani katika hukumu ya kwanza duniani kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa kitendo cha mauaji ya kimbari.

Nyuma ya mashahidi wale alikuwepo mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa huko huko Taba, Godelieve Mukasarasi, aliyeanzisha kikundi cha SEVOTA mwaka 1994 kuwakusanya wajane na yatima. Wanawake walikaa pamoja, wakalima, wakazungumza walipokuwa tayari. Mukasarasi alilipa gharama kubwa: mumewe na binti yake waliuawa Desemba 1996. Hata hivyo aliendelea, na wanawake wa Taba wakasafiri hadi Arusha wakasema. Dunia ilibadilisha sheria yake kwa sababu kijijini palikuwa na mtu aliyejua kusubiri na mahakamani palikuwa na mtu aliyejua kusikia.

Sasa tazama upande wa pili, mahakama ile ile. Mwaka 2001, katika kesi ya Butare, wakili wa utetezi alikuwa akimhoji mwanamke kuhusu alivyobakwa, na majaji wakacheka. Baadaye ilielezwa kwamba walikuwa wakimcheka wakili na maswali yake. Huenda ndivyo. Lakini mwanamke aliyekuwa kizimbani alisikia kicheko tu.

Kwenye simu mambo ni magumu zaidi, maana mpigaji haoni chochote. Mguno, kugongwa kwa meza, mazungumzo ya mwenzako wa dawati la pili, mlio wa ujumbe kwenye simu yako ya mkononi: vyote anavihesabu kuwa ni vyake. Mpokeaji ambaye hajafundishwa hajui kwamba amemfukuza mtu bila kusema neno.

Viti viwili vilivyopeana mgongo

Mafunzo hayo yana sura gani? Zoezi moja linalotumika sana linahitaji viti viwili tu. Vinawekwa vikipeana mgongo, mkufunzi akakaa kimoja akiwa mpigaji, mwanafunzi kingine, ili wasionane uso kama ilivyo kwenye simu. Darasa linatazama.

"Haloo, karibu, nikusaidie nini?" anaanza mwanafunzi.

Kimya.

"Haloo? Haloo! Mbona husemi?"

Mkufunzi anakata simu. Zoezi limekwisha. Darasa hucheka kidogo, kisha linanyamaza, kwa kuwa kila mmoja anatambua kwamba angefanya vile vile. Wanarudia.

"Nipo. Ukiwa tayari, sema. Usipotaka kusema, nipo vilevile."

Kimya tena, kirefu. Kisha: "Mume wangu yuko nje."

"Nimekusikia, mama. Nitauliza, na wewe ujibu ndiyo au hapana tu. Hapo ulipo, uko salama kwa sasa?"

"Ndiyo."

"Simu ikikatika, nikupigie?"

"Hapana! Hapana."

"Sawa. Sitapiga. Wewe ndiye utakayepiga ukipata nafasi."

Swali hilo la mwisho ni dogo, lakini linaweza kuokoa maisha. Sisi tumezoea kubipu na kupigiwa. Simu ikikatika, adabu ni kumrudia mwenzako. Katika kazi hii adabu hiyo inaweza kumuua mtu. Simu yenyewe huenda ni ya mume. Namba ngeni ikiita saa nne usiku, atakayeipokea ni nani? Kimya nacho kina maana yake. Wapo watoto wanaopiga kwa utani, wapo na wanaume wanaopiga kwa uchafu wao, na mwanafunzi hufundishwa kumaliza simu ya namna hiyo bila kutetereka. Lakini anayepiga, akapumua, akakata, mara nyingi anaipima njia kabla ya kuvuka. Ukimkaripia leo, kesho hapigi.

Baada ya kimya linakuja somo la maswali, na hapo neno la kwanza kufutwa ni "kwa nini". Kwa nini ulikwenda, kwa nini hukupiga kelele, kwa nini umekaa wiki nzima. Anayeuliza huenda ana nia njema. Anayesikia anasikia hukumu. Kuhusu kelele, sayansi imekwisha kusema. Utafiti uliochapishwa 2017 kuhusu wanawake 298 waliofika kliniki ya dharura ya manusura wa ubakaji Stockholm, Sweden, ulikuta asilimia 70 walipooza kwa kiwango kikubwa wakati wa tukio: mwili uligoma, sauti haikutoka. Mpokeaji simu anayejua hilo ataweza kumwambia mtu kwa uhakika: mwili wako ulifanya ulichoweza, na kosa si lako. Asiyejua atamwachia aibu aliyokuja nayo.

Mpokeaji pia hapelelezi. Jina la mtuhumiwa, rangi ya shati, saa na dakika ni kazi ya RIB, na kila mara manusura anapolazimishwa kusimulia upya anaumizwa upya. Kinachotakiwa kwenye simu ni machache: uko salama, umeumia, ni lini, ungependa nini kifuate.

"Ungependa nini" ndilo swali gumu kuliko yote kwa watu wa kwetu. Tumelelewa kutoa wosia. Mtu mzima akisikia shida ya mwenzake huona aibu kuondoka bila kuacha neno: nenda polisi leo hii, hama nyumba, samehe, mwachie Mungu. Mwenye wadhifa kijijini huongeza lake: tuzikutanishe familia, tuyamalize kwa mbuzi na kreti ya bia. Ubakaji ni jinai. Hauna sulhu, na mtu wa kujitolea anayepatanisha familia mbili juu ya mwili wa binti anasaidia kuficha uhalifu. Hata amri iliyo sahihi ina madhara. Aliyebakwa amenyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake. Ukimwamrisha, hata kwa wema, unamnyang'anya mara ya pili. Kazi yako ni kumpa habari kamili, kisha umwachie achague.

Na habari lazima uwe nazo kichwani. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina saa 72 tu, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinafaa hadi saa 120, navyo vikiwahi ni bora zaidi. Tangu sheria ya makosa na adhabu ya 2018, mimba iliyotokana na kubakwa inaweza kutolewa na daktari bila kupitia kwanza mahakamani, jambo ambalo wasichana wengi hawalijui hadi muda umepita. Kama anataka kuhifadhi ushahidi, ni vizuri asioge kwanza, na nguo zikae kwenye mfuko wa karatasi, kwani plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, kwa hiyo mfuko wa karatasi haukosekani dukani. Kama ameshaoga, hajafanya kosa. Aende tu hospitali, bado kuna mengi ya kufanyika. Sentensi hiyo lazima isemwe, vinginevyo aliyeoga atajiona amejiharibia mwenyewe.

Kuna somo moja ambalo wakufunzi wengine hulikwepa: mipaka ya siri. Mpokeaji hawezi kuahidi kila mtu kwamba hatamwambia yeyote. Mpigaji akiwa mtoto, au maisha yakiwa hatarini usiku ule, hatua lazima ichukuliwe. Kinachovunja imani ni kuahidi siri kamili na kisha kupeleka gari la polisi mlangoni. Mpigaji aambiwe mapema, kwa lugha nyepesi, ni lipi litabaki kati yao na ni lipi haliwezi kubaki.

Mpaka, lugha na laini mbili

Rubavu ina jambo lake ambalo mafunzo yaliyoandikwa Kigali, au Geneva, hayawezi kuliona. Hapa watu huishi kwa lugha mbili au tatu. Kinyarwanda ni cha nyumbani, Kiswahili ni cha soko na cha ng'ambo, na tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda pia. Mwanamke aliyezaliwa Goma na kuolewa Nyamyumba anaweza kununua sabuni kwa Kinyarwanda bila shida. Kusimulia alivyobakwa kwa lugha ya pili ni jambo lingine. Dawati la simu linalohudumia wilaya hii lisilo na msikilizaji wa Kiswahili limefunga nusu ya mlango. Viziwi nao wana mlango wao, ujumbe mfupi wa maandishi, na mpokeaji afundishwe kuandika kwa upole ule ule anaousema.

Halafu kuna laini. Wafanyabiashara wa mpakani wengi hutembea na laini mbili, ya Rwanda na ya Kongo, na namba fupi ya bure ya nchi moja haiiti kwenye laini ya nchi nyingine. Aliyeshambuliwa upande wa Goma akifika nyumbani Rubona hajui hata ni namba ya nchi gani inayomhusu. Wapokeaji wa pande zote mbili wanapaswa kujuana kwa majina, wajue hospitali kama HEAL Africa ya Goma inapokea nani na lini, ili manusura asirushwe kama mpira juu ya mpaka. Najua siasa za mpaka huu. Ndiyo sababu hasa ya kuwafundisha watu wa kawaida, wauguzi na wajitoleaji, njia ya kukabidhiana mgonjwa hata wakubwa wanapogombana.

Na majanga hayaishi. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021 na maelfu wakavuka kuingia Gisenyi. Mto Sebeya ulifurika Mei 2023 na kuwaacha watu wa Rubavu bila makazi. Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa waasi wa M23, na watu wakakimbia tena. Kila mara familia zikilala shuleni na kambini, wasichana hulala pasipo na kufuli. Kusubiri janga litokee ndipo uwatafute wapokea simu ni kuchelewa.

Kujitolea si bure

Zipo pingamizi mbili ninazozisikia mara kwa mara. Ya kwanza: kazi hii waachiwe wanasaikolojia. Ningefurahi, kama wangetosha, na kama wangekuwa macho saa nane usiku kila kijiji. Lakini hata wangetosha, historia inasema mtu wa kawaida aliyefundishwa ana nafasi yake. Mwaka 1953 kasisi Chad Varah alianzisha London simu ya watu waliofikia kutaka kujiua, akidhani kazi ni yake na utaalamu wake. Watu wa kujitolea walikuwa wakiwapa chai waliokuwa wakisubiri kumwona. Akagundua kwamba wengi, wakishanywa chai na kusikilizwa na wale wahudumu, hawakuhitaji tena kumwona yeye. Kufikia Februari 1954 aliwakabidhi kazi ya kusikiliza, na shirika la Samaritans linaendeshwa hivyo hadi leo. Rwanda yenyewe ina ushahidi wake: kila Aprili, wakati wa kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, watu wa kujitolea waliofundishwa huwahudumia wanaoshikwa na ihahamuka, yaani msukosuko wa kiwewe, viwanjani. Wanajua kumtoa mtu pembeni, kumpa hewa, kukaa naye bila kumhoji. Taifa lililofundisha hivyo maelfu ya vijana wake haliwezi kusema halijui pa kuanzia.

Pingamizi ya pili ni ya wenye mifuko: watu wa kujitolea ni rahisi, kwa hiyo semina ya siku moja, chakula cha mchana, cheti, basi. Hapa siwezi kukubaliana hata kidogo. Katika majimbo ya California na Illinois, Marekani, sheria inataka saa 40 za mafunzo kabla mtu hajahesabiwa kuwa mshauri wa manusura ambaye siri alizoambiwa zinalindwa mahakamani. Zingatia vyote viwili: saa, na ulinzi. Mpokeaji simu wa Rubavu akiitwa kesho kutoa ushahidi juu ya alichoambiwa usiku, sheria itamsimamia? Swali hilo lijibiwe kwa maandishi kabla simu ya kwanza haijaita.

Wanaojitolea wachujwe pia. Anayekuja kwa sababu anapenda kusikia habari za watu, anayekuja kuhubiri, anayekuja kutafuta wanyonge: wote hao hujitokeza, na wa mwisho ndiye hatari zaidi. Manusura wenyewe wengi hutaka kujitolea, na wanapokuwa tayari hakuna wanaowazidi. Ila wapewe muda, na wakubaliwe kusema "leo siwezi" bila aibu. Kwa kila mpokeaji, awepo mtu wa kumsikiliza yeye baada ya zamu. Anayemeza maumivu ya watu usiku kucha na kuamkia shambani atavunjika, na akivunjika atakuwa mkali kwenye simu bila kujua.

Na kujitolea kuna gharama: nauli ya pikipiki usiku, vocha, chai, mtu wa kumwangalizia mtoto. Ukimwomba mama wa Nyamyumba asiye na mshahara atoe usiku wake na usimrudishie hata nauli, utapata watu wa miezi miwili miwili, na kila anayeondoka anaondoka na mafunzo yako.

Kwa hiyo ombi langu kwa uongozi wa wilaya ya Rubavu, kwa hospitali ya Gisenyi na kwa mashirika yanayofadhili kazi hii ni moja: kabla ya kuchapisha bango jingine, chagueni watu wachache kutoka kwa wale Inshuti z'Umuryango na wahudumu wa afya mlionao tayari, wafundisheni kwa wiki nyingi badala ya siku moja, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, wapeni msimamizi na nauli, na wapangieni zamu mbali na vijiji vyao wenyewe. Mkipata kumi tu wazuri, mmefanya zaidi ya mabango elfu.

Nawe msomaji, huenda hutapokea simu ya dharura maishani, lakini siku moja mtu wako atakuambia. Usiulize kwa nini. Mwambie unamwamini, mwambie kosa si lake, muulize kama yuko salama na angependa nini, kisha mkumbushe kwamba saa 72 zinahesabika. Kwa Rwanda namba ya Isange ni 3029. Kenya ni 1195. Uganda ni 116, na Tanzania 116 ni ya watoto. Zote ni za bure.